Sauti Haikukatika: Jinsi ya Kuisoma Sini ya Vita

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kibanda kimoja cha video pale Chang'ombe, hapa Dodoma, nimebanwa kwenye benchi kati ya fundi baiskeli na vijana wawili wa bodaboda, tunaangalia filamu ya Saving Private Ryan. Askari wa Marekani wameshashuka kwenye mashua, risasi zinalia, watu wanaanguka majini. Ghafla sauti ikafifia. Milio ikawa inasikika kwa mbali, kama mtu ameifunika kwa blanketi. Kibanda kizima kikapaza: "Sauti! Sauti!" Mwenye kibanda akaacha kupokea hela mlangoni, akaingia mbio, akaipiga spika makofi mawili, akashikashika waya nyuma yake. Hapo hapo sauti ikarudi kwa kishindo. Watu wakashangilia, na mimi nikiwemo.

Ilinichukua muda kujua kwamba spika ilikuwa nzima. Ule ukimya uliwekwa pale na watu waliokaa siku nyingi wakiamua uanzie wapi na uishie wapi.

Jambo hilo lilinirudia majuzi, dada yangu mdogo aliponitumia kipande cha video kwenye WhatsApp. Kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye sini hiyo hiyo ya ufukweni. Mtu amesimamisha picha, akachora duara jekundu kuzunguka vyuma vilivyopishana kama herufi X vinavyoonekana majini, na sauti nzito inasema hiyo ni ishara ya siri ya Freemason. Chini yake dada ameandika: "Kaka, hii ni kweli?" Nikamjibu kwa neno moja: "Achana nayo." Swali lake lilistahili zaidi ya hapo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mazungumzo yetu kuhusu filamu, mtaani na kwenye simu, yana kambi mbili. Kambi ya kwanza ikiona picha imepauka inasema kopi ni mbovu, kamera ikitikisika inasema mpiga picha hajui kazi, sauti ikififia inalaumu spika. Kambi ya pili inaona siri kila mahali: pembetatu, jicho, vidole viwili. Zinaonekana ziko mbali, lakini zote mbili zimeruka kazi ile ile, yaani kutazama kile kilichopo kwenye picha na kuuliza kinafanya nini pale.

Tuanze na maneno. Sini ni kipande cha filamu kinachotokea mahali pamoja na kwa mfululizo mmoja wa wakati, na ndani ya sini kuna shoti nyingi. Shoti ni kile kamera ilichokiona kuanzia ilipowashwa mpaka ilipozimwa, au mpaka mhariri alipokata. Mtindo wa picha ni jumla ya maamuzi yote ya namna ya kuonyesha: kamera ikae wapi na kwa kimo gani, mwanga utoke upande upi, rangi ziwe kali au zipauke, shoti idumu kwa muda gani, tusikie nini na tunyimwe nini. Fikiria harusi moja iliyopigwa picha na watu wawili. Mpiga picha wa kukodi amesimama mbele ya maharusi, taa zake kali, kila mtu anatabasamu. Binti wa shangazi yuko uani na simu yake, anawapiga akina mama wanaogeuza pilau, moshi machoni, mmoja anafuta jasho kwa khanga. Harusi ni ile ile, ila ukionyeshwa kanda ya kwanza na mwenzako akaonyeshwa ya pili, mtaelezana habari mbili tofauti kabisa.

Neno ishara ndilo linalotusumbua zaidi, kwa kuwa tunalitumia kwa mambo matatu. Kuna dalili: wingu jeusi upande wa Ntyuka mwezi wa kumi na mbili ni dalili ya mvua, na hakuna aliyeliweka pale ili utambue. Kuna alama ya makubaliano: taa nyekundu barabarani, au kijani, njano, nyeusi na bluu za bendera yetu, ambazo kila mtoto wa shule anaambiwa maana zake na akikosea anasahihishwa. Halafu kuna ishara ya kisanaa, ile tuliyokuwa tukiitafuta kwenye riwaya na tamthiliya za sekondari. Hii kwanza ni kitu cha kawaida. Kofia ni kofia, kopo ni kopo. Lakini kazi ya sanaa inakitumia kitu hicho kwa namna ambayo taratibu kinabeba mzigo wa pili, na mzigo huo hauko kwenye kamusi yoyote, unapatikana ndani ya kazi hiyo tu. Kosa la ile video ya dada ni kuchukua kitu cha aina hii ya tatu na kukisoma kama alama ya barabarani, kwamba kina maana moja iliyokwishapangwa na wakubwa fulani mahali fulani.

Sasa twende ufukweni. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na washirika wao yalishuka kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Ujerumani. Sehemu moja ya pwani hiyo ilipewa jina la siri la Omaha, na hapo Wamarekani waliouawa, kujeruhiwa na kupotea kwa siku moja walizidi 2,000. Filamu ilitoka mwaka 1998. Iliongozwa na Steven Spielberg, na msimamizi wa picha alikuwa Janusz Kamiński. Sini ya kushuka ufukweni ni ya zaidi ya dakika 20 na inakuja karibu na mwanzo kabisa, kabla hatujamjua mtu yeyote. Tunamfuata kapteni mmoja, Miller, aliyeigizwa na Tom Hanks. Ukimwita stelingi sawa, lakini angalia anavyotambulishwa: kamera inaanza na mkono wake. Anashika chupa ya maji ndani ya mashua, na mkono unatetemeka.

Malalamiko ya kwanza ni rangi. "Picha imepauka." Imepauka kweli, na ilipaushwa kwa kazi ngumu. Lenzi za kisasa hupakwa utando mwembamba unaozuia mwanga kutawanyika ovyo; wanaovaa miwani na kuendesha gari usiku wanajua taa za gari linalokuja zinavyosambaa kwenye kioo kisicho na utando huo. Kamiński aliagiza utando uondolewe kwenye lenzi zake, mwanga ukawa unavuja ndani ya picha kama kwenye kamera za miaka ya 1940. Maabara nayo ikausafisha mkanda kwa njia inayobakiza madini ya fedha, weusi ukawa mzito na rangi zikapungua nguvu. Kilichobaki ni kijivu, kaki na kijani kilichochoka. Sisi tunaoishi hapa tunaujua mwonekano huo. Mwezi wa tisa upepo ukivuma, vumbi likatanda kutoka Nkuhungu mpaka Kisasa, khanga nyekundu na khanga ya bluu zilizoanikwa kwenye kamba moja zinakaribia kufanana. Macho yanaacha kufurahia rangi, yanabaki kutafuta maumbo: huyu ni nani, anakwenda wapi. Na katikati ya kijivu hicho damu haihitaji kuongezwa rangi, inajitenga yenyewe.

Hapa naomba tukae kidogo, maana kuna uongo mtamu. Wengi husema rangi hizo zinafanya filamu iwe "kama ilivyokuwa kweli". Lakini mwaka 1944 damu ilikuwa nyekundu kama ya leo na nyasi zilikuwa za kijani. Kilichopauka ni picha tulizorithi. Spielberg na Kamiński walizitazama sana picha za Robert Capa, aliyeshuka Omaha siku ile na kamera yake. Zilizosalia ni chache, zina ukungu, zimetikisika, na zilitoka kwenye jarida la Life mwezi huo huo. Kwa hiyo tunapoona ufukwe wa kijivu na kusema "hii ndiyo kweli", tunachotambua ni ufanano na picha za zamani. Ufukwe wenyewe tunaouona uko Wexford, Ireland, na wengi wa wale askari ni askari wa akiba wa nchi hiyo. Sisemi hivyo kuidharau filamu. Naiheshimu sana. Nasema mtindo una nguvu ya kutufanya tuamini, na mtu mzima anapaswa kujua nguvu hiyo inatoka wapi.

Malalamiko ya pili ni kutikisika, pamoja na kile ambacho fundi baiskeli yule alikiita "picha kurukaruka". Kutikisika ni rahisi kueleza: sehemu kubwa ya sini ilipigwa kamera ikiwa begani, na mpiga picha anakimbia, anainama, analala mchangani na waigizaji. Maji na damu vikiruka kwenye lenzi havifutwi. Kurukaruka kunahitaji maelezo zaidi. Kamera ya filamu hupiga picha 24 kila sekunde, na kwa kawaida kila picha huachiwa mwanga kwa sehemu ya 1 kwa 48 ya sekunde. Muda huo unatosha kitu kinachokimbia kuacha ukungu kidogo. Simama Jamatini jioni upige picha ya bodaboda inayopita kasi: matairi yatakuwa kama moshi. Tumezoea ukungu huo kiasi kwamba ndio unaofanya mwendo wa filamu uonekane laini. Kamiński aliufinya mlango wa mwanga mpaka nusu, na kwa shoti nyingine mpaka robo, yaani 1 kwa 192 ya sekunde. Ukungu ukatoweka. Bomu linapolipuka, kila chembe ya mchanga inaonekana peke yake hewani. Mtu anayekimbia anaonekana amekatwakatwa vipande, hapa, halafu pale, kama anayemulikwa na radi za kufuatana. Kila aliyewahi kunusurika ajali ya gari barabara ya Morogoro na kusimulia baadaye, sikiliza anavyosimulia. Hakupi mtiririko, anakupa vipande vikali: kioo, kiatu, mkono wa kondakta. Mtindo huu unafanana na kumbukumbu ya namna hiyo.

Turudi kwenye sauti. Kwenye filamu za vita tulizokua nazo muziki ndio mchungaji wetu. Ukipanda, tunajua ushindi unakuja; ukishuka taratibu, tunajua rafiki wa stelingi anakufa. Katika sini hii, tangu mlango wa mbele wa mashua unapofunguka mpaka mapigano yanapotulia, hakuna muziki. Hakuna wa kutuambia tuhisi nini. Kuna maji, chuma, pumzi, watu wanaita mama zao. Halafu bomu linaanguka karibu na Miller, na hapo ndipo kibanda chetu kilipopiga kelele. Waliowahi kusimama karibu na machimbo ya kokoto siku ya kulipua baruti wanajua masikio yanavyoziba na dunia inavyokwenda mbali. Filamu inatuingiza ndani ya masikio ya mtu mmoja. Kwa muda mfupi hatuangalii vita, tuko ndani ya kichwa cha aliyemo. Kupitia macho yake tunaona askari ameshika moto. Tunaona mwingine anageuka huku na huku, anauokota mkono wake mwenyewe kutoka mchangani na kuondoka nao. Kijana anamjia Miller, midomo inacheza, hatusikii. Miller anaiokota kofia yake ya chuma na kuivaa, maji mekundu yanamwagika usoni. Sauti inarudi, na ndipo tunasikia kijana alikuwa anasema nini: anauliza wafanye nini sasa.

Fikiria uzito wa hilo. Mtu anayetakiwa kutoa amri ndiye aliyekuwa hayupo kwa sekunde zile. Hakuna mstari wa maneno unaosema "kapteni aliogopa". Sauti imesema. Na mwenye kibanda wetu, kwa kuipiga spika, alitenda kile ambacho kila mtu ndani ya sini ile alikuwa anakitamani: mtu fulani airudishe dunia mahali pake.

Kuna jambo moja ambalo kamera inalificha, na sharti lisemwe. Wajerumani walio juu ya mwamba tunawaona kwa nyuma tu, weusi dhidi ya mwanga, hawana sura. Sura zote, machozi yote, ni za upande mmoja. Mwishoni mwa mapigano askari wawili wanatoka kwenye mahandaki wameinua mikono, wanaongea haraka haraka, na Wamarekani wanawapiga risasi na kufanya mzaha. Lugha yao haikuwekewa tafsiri chini ya picha. Watazamaji wengi hudhani ni Kijerumani. Ni Kicheki. Wanasema wasipigwe, wao si Wajerumani, hawajaua mtu. Filamu inawanyima watazamaji wengi maneno hayo kwa makusudi, kama ambavyo waliowapiga risasi hawakuyaelewa. Kwenye nakala tulizozoea, zenye mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, pengo kama hilo huzibwa kirahisi kwa matusi au maneno ya kujigamba yaliyotungwa palepale. Nawaheshimu watafsiri hao, wametufungulia filamu za dunia nzima. Lakini hapo wakiongeza maneno, wanawaua wale watu mara ya pili.

Sasa vile vyuma vyenye duara jekundu.

Vyuma vile vilikuwepo kweli Omaha. Wajerumani walivisimika ufukweni kwa mamia ili kupasua mashua na kuzuia vifaru. Ni vipande vya chuma vilivyofungwa katikati vikatoka miguu pande zote. Freemason ni chama ambacho kipo, hakijajificha kiasi tunachodhani, na alama yake inayojulikana ni bikari na pembemraba vimewekwa pamoja. Vyuma vya ufukweni si hivyo. Hapo jibu la "si kweli" lingetosha, kama ningetaka tu kushinda ubishi.

Lakini dada aliona kitu, na aliyechora duara naye aliona kitu, maana vyuma vile vimepewa nafasi isiyo ya kawaida. Rudi nyuma dakika chache. Filamu inaanzia makaburini, siku zetu hizi, juu ya pwani hiyo hiyo. Mzee anatembea na familia yake, na mbele yake kuna safu na safu za misalaba meupe, na hapa na pale nyota ya Daudi kwa askari Wayahudi. Makaburi hayo yapo hadi leo, na yana zaidi ya watu 9,000. Mzee anapiga magoti mbele ya kaburi moja, kamera inamsogelea mpaka macho yake yanajaza picha, tunaanza kusikia mawimbi. Kata. Shoti inayofuata ni ufukwe mtupu wa 1944, na kilichosimama majini mbele yetu ni vile vyuma, safu, vimepishana. Misalaba meupe, macho, misalaba meusi. Hakuna mtu amekufa bado, na tayari ufukwe umepangwa kama makaburi. Baada ya dakika chache askari watajibanza nyuma ya vyuma hivyo kama mtu anavyoweza kujibanza nyuma ya msalaba wa kaburi lake.

Kwa hiyo ndiyo, dada, ni ishara. Tofauti ni pale ushahidi unapotoka. Yule wa duara jekundu ameutoa nje ya filamu, kwenye orodha ya maumbo aliyokuja nayo mfukoni. Na kwa orodha hiyo paa la nyumba yenu, hema la jeshi na kipande cha sambusa vyote vitamshtua. Mimi nimeutoa kwenye filamu yenyewe: shoti moja imewekwa kando ya nyingine. Ukiniambia nimekosea, tunaweza kuirudisha nyuma na kuangalia pamoja.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na kinatosha. Ukihisi kitu kina maana ya ziada, uliza filamu imekihudumiaje. Je, imekirudia? Imekipa muda wa kamera ambao hadithi haikuuhitaji? Kimebadilika kati ya mara ya kwanza na ya mwisho? Mkono wa Miller unapita vizuri hapa. Unatetemeka kwenye mashua, unatetemeka tena mbele ya askari wake siku zinazofuata, anauficha, wanauona. Anapokufa mwishoni, kamera inaurudia mkono huo, na umetulia. Kwa kawaida tunasema stelingi hafi. Huyu anakufa, na kitu cha kwanza tulichokijua juu yake ndicho cha mwisho kutuaga. Kisichopita kipimo kiache kipumzike. Vitu vingi kwenye filamu ni vitu tu. Kamba ni kamba.

Ishara ninayoipenda kuliko zote katika sini hii ni ndogo, na sijawahi kuiona ikichorewa duara. Mapigano yamekwisha. Sajenti Horvath, msaidizi wa Miller, anainama, anachota udongo wa ufukwe na kuujaza kwenye kikopo kilichoandikwa "France". Anakirudisha kwenye mkoba, na ndani tunaona vikopo vingine. Kimoja kimeandikwa "Italy". Kingine "Africa". Hakuna anayesema neno, na hadithi inaendelea.

Mtanzania hawezi kuangalia udongo unaochotwa hivyo bila kukumbuka picha iliyo ukutani kwenye ofisi nyingi mjini hapa: Mwalimu Nyerere, Aprili 1964, anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar ndani ya chombo kimoja. Ni kitendo kinachofanana, mkono na udongo, lakini maana zimeachana kabisa. Mwalimu aliuchanganya ili usitenganishike tena; hakuna aliyeweza kuuchambua chembe kwa chembe baada ya hapo. Horvath anautenganisha na kuubandika majina. Kwake nchi ni mahali alipopona. Akifa, vikopo hivyo vitakuwa orodha ya alikopita, basi. Nikiwa Mwafrika, kikopo kile cha "Africa" kinanichoma kidogo. Askari alipigana kaskazini mwa bara letu, naye akaandika bara zima kwenye kopo la kiganja kimoja. Sijui kama Spielberg alifikiria Dodoma alipopiga shoti ile, na hakuna haja ya kumuuliza. Udongo upo kwenye picha, maandishi yapo kwenye picha, na mtu hutazama na maisha yake aliyonayo.

Hilo linajibu swali ambalo wanafunzi huniuliza sana: "Lakini muongozaji alikusudia?" Nenda Kolo, kule Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanyama na watu wembamba wa rangi nyekundu, wengine wamechorwa juu ya wengine. Waliochora hawapo, hawakuacha maelezo, na wanaoisoma leo wanabishana. Hata hivyo hakuna msomaji makini anayesema chochote anachotaka. Anaangalia nani amechorwa mkubwa, nani yuko juu ya nani, rangi ipi ni ya awali. Filamu ni rahisi zaidi, kwa kuwa iko yote mbele yetu na inarudishwa nyuma kwa kidole.

Ukitaka kujipima, chukua filamu ya Kijerumani ya All Quiet on the Western Front iliyotoka 2022, ya Edward Berger, kuhusu Vita Kuu ya Kwanza. Angalia dakika zake za mwanzo tu. Kijana aitwaye Heinrich anaingia vitani, halafu tunaona maiti zinavuliwa sare. Sare zinafungwa mafurushi, zinafuliwa kwenye maji yanayogeuka mekundu, zinafika ukumbini ambako wanawake wamekaa kwenye safu za cherehani wakiziba matundu, na mlio wa cherehani nyingi pamoja unafanana na bunduki za rashasha. Kijana mwingine, Paul, mwenye furaha ya kwenda vitani, anakabidhiwa sare yake, anaona kitambaa chenye jina la Heinrich kwenye kola. Anasema labda ni ya mtu mwingine. Ofisa analinyofoa jina, anamrudishia koti. Kwetu tunaonunua mitumba Sabasaba sini hiyo haihitaji mwalimu. Nani hajawahi kutia mkono kwenye mfuko wa koti alilolinunua na kukuta tiketi ya basi la nchi nyingine, akajiuliza mwenyewe yuko wapi?

Spielberg naye, baada ya ufukwe, anatupeleka kwenye ukumbi wa wanawake na mashine. Kwanza kamera inapita juu ya wafu, maji mekundu yanapiga mchanga, inashuka mpaka kwenye mkoba ulio mgongoni mwa maiti mmoja: jina ni Ryan. Kisha tuko ofisini, wanawake wengi wanapiga chapa barua za rambirambi, vitufe vinalia, na mmoja wao anagundua barua tatu zinakwenda kwa mama mmoja.

Shoti zinazofuata ni za shamba kubwa huko Iowa. Mama anaosha vyombo. Kupitia dirishani anaona gari linakuja kwenye barabara ya vumbi, na vumbi lile lingeweza kuwa la hapa kwetu. Anakausha mikono, anatoka barazani. Tunamwona kwa nyuma. Ofisa anashuka kwenye gari, halafu anashuka mchungaji. Hakuna aliyefungua mdomo. Nimeiangalia sini hii na mama yangu mzazi, ambaye hajui Kiingereza na aliwahi kuwaona wazee watatu na balozi wa nyumba kumi wakija kwake saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga hodi wakiwa mbali kama ilivyo desturi. Mchungaji alipoonekana tu kwenye mlango wa gari, mama akasema, "Wamekuja kumwambia." Kwenye skrini yule mwanamke miguu ikamwisha nguvu, akakaa chini kwenye mbao za baraza, mkono mmoja ukitafuta pa kushika.